Kuomba visa ya kazi ya dini ukiwa Mtwara au Lindi: mwongozo wa hatua kwa hatua

Shehe anayesomesha madrasa Mikindani, katekista wa kigango cha ndani kabisa Nanyumbu, sista wa Ndanda, mchungaji wa Masasi: wakipata mwaliko wa kwenda kuhudumu nje ya nchi, wote hukwama palepale. Kazi wameifanya miaka na miaka, watu wanawafahamu, ila hakuna karatasi inayosema hivyo. Ofisa wa visa hajafika Nanyumbu wala hana namna ya kumuuliza mwenyekiti wa kijiji. Anasoma kilichoandikwa na kuamua. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu karatasi za hapa nyumbani, kabla hujakata tiketi ya basi la Dar es Salaam. Ukiweza, jipe mwaka mzima.

Jua kwanza unaomba visa ya aina gani

Kosa linalowaponza wengi ni kwenda kwa visa ya matembezi huku wakijua wanakwenda kushika kazi. Mwenyeji anasema, "Njoo tu kama mgeni, mengine tutayamaliza huku." Usikubali. Ukikamatwa unafanya kazi kinyume cha visa yako, jina lako linabaki kwenye kumbukumbu zao, na kila ombi la baadaye litaulizwa habari hiyo.

Kwa Marekani, visa ya mtumishi wa dini inaitwa R-1. Masharti yake makuu ni haya: uwe muumini wa dhehebu hilohilo kwa muda usiopungua miaka 2 mfululizo kabla ya ombi, taasisi inayokuita iwe ya dini na isiyotengeneza faida, na kazi yako iwe wastani wa angalau saa 20 kwa wiki. Kazi yenyewe lazima iwe ya dini kweli. Mfagiaji wa kanisa, karani wa ofisi ya msikiti au mkusanya michango hahesabiwi, hata kama mwajiri wake ni taasisi ya dini. Ukikubaliwa unapewa hadi miezi 30, inaweza kuongezwa mingine 30, na kikomo ni miaka 5.

Uingereza wana njia mbili zinazochanganywa sana. Anayekwenda kuwa kiongozi wa ibada, yaani imamu wa msikiti, padri wa parokia au mchungaji wa usharika, anaomba visa ya Kiongozi wa Dini na lazima afaulu mtihani wa Kiingereza kwa kiwango cha B2, yaani cha kati cha juu. Anayekwenda kusaidia kazi za dini bila kuwa kiongozi wa ibada, au mtawa anayekwenda kuishi katika jumuiya ya shirika lake, anaomba visa ya muda ya Mtumishi wa Dini, ambayo haizidi miaka 2 na haina sharti la mtihani wa Kiingereza. Barua yako ikisema utakuwa unahubiri kila Jumapili kama kazi yako kuu huku umeomba hii ya pili, umejikataa mwenyewe. Kuna pia safari fupi: mhubiri ambaye kituo chake cha kazi kiko Tanzania anaruhusiwa kuingia Uingereza kwa visa ya mgeni, akahubiri au akatoa huduma ya kichungaji kisha akarudi, mradi asishike cheo wala ajira huko.

Kwa Italia, ambako mapadri na masista wengi wa kwetu huenda, zaidi ya siku 90 unahitaji visa ya kitaifa ya sababu za kidini. Chini ya hapo ni visa ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya: ombi lake halipokelewi mapema zaidi ya miezi 6 kabla ya safari wala kwa kuchelewa hadi zibaki pungufu ya siku 15, na lazima uwe na bima ya safari inayolipa angalau yuro 30,000.

Jirani zetu nao wasisahaulike. Kenya unaingia bila visa, lakini kufanya kazi ya dini kule kunahitaji kibali cha daraja la I, kile cha shughuli za kidini na za hisani zilizoidhinishwa, na anayekualika ndiye ashughulikie. Msumbiji ni ng'ambo ya Ruvuma na wengi tuna ndugu huko, hivyo kuvuka kunaonekana jambo la kawaida. Ila tangu vita vya Cabo Delgado vianze Oktoba 2017, mtu anayevuka kwenda kusomesha dini anatazamwa kwa jicho jingine na maofisa wa pande zote mbili. Usivuke na begi la vitabu kwa maelezo ya mdomo. Beba barua ya taasisi yako ya hapa, barua ya taasisi inayokupokea kule, na kibali kinachotaja kazi yenyewe.

Hakiki taasisi inayokuita

Visa ya kazi ya dini huanzia kwa mwenyeji. Huwezi kuamka Lindi ukaenda ubalozini kuomba R-1. Taasisi ya Marekani inajaza fomu I-129 na kuipeleka idara ya uhamiaji ya kwao, ikiambatanisha uthibitisho wa msamaha wa kodi na maelezo ya namna itakavyokutunza. Maofisa wanaweza kwenda kukagua jengo lao kuona kama kweli kuna ibada. Wakikubaliwa wanapata hati ya I-797, na hapo ndipo zamu yako inaanza. Uingereza mwenyeji lazima awe na leseni ya udhamini, naye hukupa cheti cha udhamini, ambacho kwa kweli ni namba tu ya kuandika kwenye ombi lako. Kuanzia siku uliyopewa una miezi 3 ya kuitumia.

Haya yote unaweza kuyahakiki bila kulipa mtu. Serikali ya Uingereza inaweka hadharani orodha ya wadhamini wenye leseni; tafuta jina la taasisi humo. Mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, ina ukurasa wa kutafuta taasisi zenye msamaha wa kodi. Taasisi isipoonekana, uliza mara mbili kabla ya kuendelea, maana baadhi ya makanisa hayalazimiki kujiorodhesha peke yake na yanaweza kuwa chini ya mwavuli wa dhehebu. Mwenyeji akuoneshe barua ya mwavuli huo.

Na wakala anayepita misikitini na makanisani akisema ana mtu ubalozini, mkimbie. Nimeona wazee wakiuza mkorosho mzima, shamba na kila kitu, kumpa kijana fedha za "kufungua faili". Ubalozi haufungui faili kwa mkono wa wakala. Ada halali zinalipwa kwa mfumo rasmi, na risiti inatoka kwa jina lako.

Majina yako yalingane, herufi kwa herufi

Hapa ndipo panapochelewesha watu wa Kusini kuliko popote. Chukua mfano wa katekista mmoja. Cheti cha ubatizo kinasema Agnesi. Cheti cha kumaliza shule kinasema Agness, kwa sababu mwalimu mkuu aliandika hivyo. Kitambulisho cha NIDA kinasema Agnes, na jina la babu limekaa mahali pa jina la baba. Kijijini hakuna anayejali, wote wanajua ni mama Agnesi. Kwenye ombi la visa hao ni watu watatu. Upande wa Waislamu ni hivyohivyo: Abdala, Abdalla, Abdallah, Salehe, Swalehe, Saleh.

Tandaza karatasi zako zote mezani na uandike jina kama linavyoonekana kwenye kila moja. Kisha chagua moja la kusimamia, nami nakushauri liwe lile la cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa ndilo msingi wa mengine. Tofauti ndogo ya herufi inatatuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu. Tofauti kubwa, kama jina zima kubadilika mtu aliposilimu au alipoweka nadhiri za utawa, inahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. NIDA rekebisha mapema kwenye ofisi ya wilaya yako, maana pasipoti itafuata kilichomo kwenye mfumo wao.

Huna cheti cha kuzaliwa? Wako wengi, hasa waliozaliwa nyumbani. RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, husajili hata mtu mzima kupitia ofisi ya wilaya, ila utatakiwa kuleta ushahidi: kadi ya kliniki kama ipo, cheti cha shule, barua ya mtendaji, cheti cha ubatizo. Parokia kongwe ni hazina katika jambo hili. Ndanda, iliyoanzishwa na Wabenedikto mwaka 1906, na misheni nyingine za umri huo hutunza vitabu vya ubatizo vya vizazi kadhaa. Nenda kwa paroko kwa adabu, mpe mwaka na jina la wazazi, umwombe nakala yenye muhuri.

Pasipoti

Ombi linajazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, unapewa namba ya malipo, kisha unakwenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, Mtwara mjini au Lindi mjini, na fomu iliyochapishwa. Gharama yote ni shilingi 150,000. Beba cheti cha kuzaliwa chako, cha mzazi au hati ya kiapo ya kuzaliwa kwake, namba ya NIDA na barua inayoeleza safari. Barua ya mwaliko inatosha kuonesha sababu. Ombi la pasipoti lisisubiri visa. Ianze siku uliyopata mwaliko.

Jenga ushahidi wa utumishi wako

Hili ndilo moyo wa ombi. Unataka karatasi tatu za aina tofauti, kila moja ikisema kitu ambacho nyingine haisemi.

Ya kwanza ni barua ya uumini: wewe ni wa dhehebu hili, tangu mwaka fulani, mahali fulani. Kwa Mkatoliki aandike paroko, na ofisi ya askofu iithibitishe. Padri awe na barua ya askofu wake inayomruhusu kuadhimisha ibada nje ya jimbo. Kwa Mlutheri au Mwanglikana ni mchungaji na ofisi ya dayosisi. Kwa Mwislamu, aandike imamu wa msikiti, kisha ipite BAKWATA wilaya na mkoa. Shehe mwingine hukasirika kuambiwa alete barua kuthibitisha kwamba ni Mwislamu, na ninamwelewa, lakini sharti la miaka 2 linathibitishwa kwa maandishi tu.

Ya pili ni ya mafunzo: cheti cha upadirisho au cha kuwekwa wakfu, cheti cha chuo cha makatekista, shahada ya chuo cha Kiislamu, au ijaza, yaani idhini ya kufundisha unayopewa na shehe wako. Aliyesoma kwa shehe wake barazani bila chuo aombe barua kutoka kwa shehe huyo, au kwa wanafunzi wenzake wakubwa kama shehe ametangulia mbele ya haki, ikitaja vitabu alivyosoma na kwa muda gani. "Alisoma fiqhi kwa muda mrefu" haitoshi. Itajwe alisoma kitabu gani, kuanzia mwaka gani hadi upi.

Ya tatu ndiyo inayosahaulika: ushahidi wa kazi yenyewe. Ratiba ya madrasa yenye jina lako. Daftari la mahudhurio ya mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Barua ya uteuzi, hata ikiwa imeandikwa kwa mkono, mradi ina tarehe na muhuri. Picha chache za kazini zenye tarehe. Kama unapewa posho, hata ya mahindi na fedha kidogo, kamati iandike. Kama hupewi chochote, waandike hivyo pia, na waseme unaishi kwa nini: shamba la korosho, ufuta, uvuvi. Utumishi wa kujitolea ni utumishi, ila ofisa atataka kujua chakula kinatoka wapi.

Barua za Kiswahili zitafsiriwe. BAKITA hufanya na huthibitisha tafsiri, na muhuri wao unaheshimika. Italia mara nyingi watataka nyaraka zithibitishwe pia na Wizara ya Mambo ya Nje, kwa hiyo ulizia kabla hujafunga bahasha.

Cheti cha ndoa nacho kiwe tayari kama unakwenda na mke au mume. Marekani inawapa mwenza na watoto wasiooa au kuolewa walio chini ya miaka 21 visa ya R-2, ambayo hairuhusu kufanya kazi. Mwenye wake wawili ajue kwamba nchi hizi zitampokea mke mmoja tu. Lizungumzeni nyumbani mapema, mbele ya wazee, lisije likavunja nyumba siku ya safari.

Fedha za benki na msimu wa korosho

Uingereza wanataka kuona pauni 1,270 zikiwa kwenye akaunti yako siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya hesabu hiyo isipite siku 31 kabla ya ombi. Mdhamini mwenye leseni ya daraja A anaweza kuthibitisha kwamba atakutunza mwezi wa kwanza, na hapo huhitaji kuonesha akiba. Mwombe aweke hilo kwenye cheti cha udhamini. Kuna pia tozo ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka kwa kiwango kilichoanza Februari 2024, inayolipwa yote pamoja wakati wa kuomba. Kwa miaka 2 ni pauni 2,070, kabla ya ada ya visa yenyewe. Mwenyeji aulizwe mapema nani analipa.

Kwa mkulima wa korosho kuna la ziada. Akaunti yake inakaa na shilingi elfu chache mwaka mzima, halafu baada ya minada ya kuanzia Oktoba zinaingia milioni kwa mkupuo. Kwa ofisa asiyejua mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima huweka korosho ghalani na kulipwa baada ya mnada, hiyo inafanana na fedha za kuazima. Ambatanisha stakabadhi ya AMCOS, chama chako cha msingi cha ushirika, inayoonesha kilo ulizopeleka, na karatasi ya malipo, iwe umeuza kupitia chama kikuu cha TANECU, MAMCU, RUNALI au Lindi Mwambao, pamoja na maelezo mafupi ya msimu. Fedha zikiingia usizitoe. Ziache zitimize siku zake.

Afya na alama za vidole

Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi 6 lazima apime kifua kikuu kliniki iliyoidhinishwa, ambayo iko kwa IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, Dar es Salaam. Cheti kinadumu miezi 6. Picha ya kifua ikiwa na wasiwasi, makohozi yataoteshwa maabara, na majibu hayo huweza kuchukua hadi wiki 8, basi usipime mwishoni.

Vidole navyo vina habari yake. Akina mama na masista wanaobangua korosho kwa mkono wanajua namna mafuta ya ganda yanavyounguza ngozi ya ncha za vidole, ikabambuka na kubaki laini. Mashine haisomi vidole hivyo. Acha kubangua wiki kadhaa kabla, paka mafuta kila usiku mpaka ngozi mpya ikae. Hina ya vidoleni isubiri pia. Vidole vinatakiwa viwe havina pambo wala jeraha.

Picha ya visa ya Marekani ni sentimita 5 kwa 5, nyuma kweupe, bila miwani. Hijabu, kitambaa cha sista au kofia inayovaliwa kila siku kwa sababu ya dini inaruhusiwa, mradi uso wote uonekane.

Fomu, safari na mahojiano

Kwa Marekani jaza DS-160, fomu ya ombi la visa, mtandaoni, lipa dola 205, panga siku ya mahojiano. Jaza mwenyewe, au keti na kijana anayekujazia na usome kila swali. Kijana wa steshenari anaweza kuandika "hapana" palipostahili "ndiyo" kwa haraka zake tu, na jibu hilo litahesabiwa kuwa lako. Kabla ya kulipa chochote, angalia tovuti ya ubalozi wiki hiyohiyo. Masharti ya nchi za Afrika yanabadilika.

Panga safari na mvua akilini. Mei 2024 barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Kilwa, magari yakalala njiani. Kipindi cha masika toka siku mbili au tatu kabla, au panda ndege kutoka Mtwara. Ubalozini huingii na simu wala begi kubwa. Mwachie mwenyeji wako wa Dar.

Mahojiano yenyewe ni mafupi. Kiingereza kikikuangusha, omba mzungumze Kiswahili, maana majibu yaliyokaririwa yanatambulika upesi. Ofisa anataka kuona kwamba unaijua kazi unayokwendea. Akikuuliza, "Utafanya nini huko?" na wewe ukajibu, "Nakwenda kumtumikia Mungu," umesema kweli lakini hujamsaidia. Mwambie: "Nitasomesha Kurani watoto kila jioni kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, Ijumaa nitamsaidia imamu, Jumamosi darasa la akina mama. Nitakaa nyumba ya msikiti, na mshahara wangu ni huu." Ulinganishe na barua ya mwenyeji. Namba, tarehe na majina yawe yaleyale. Ukiulizwa utarudi kufanya nini, taja kinachokusubiri: kigango, madrasa, shamba, wazazi.

Ukinyimwa, chukua karatasi ya sababu uisome vizuri na mtu mwenye kuelewa. Kuomba tena juma linalofuata na karatasi zilezile ni kupoteza ada. Rekebisha kilichotajwa, kisha urudi.

Visa ikitoka

Kagua jina, tarehe ya kuzaliwa, aina ya visa na siku ya mwisho. Kosa la herufi lirudishwe siku hiyohiyo. Nyaraka za muhimu weka kwenye begi la mkononi, na nakala acha kwa ndugu.

Ukifika Italia una siku 8 za kazi za kuomba kibali cha ukaazi. Jumuiya inayokupokea iwe imeshaandaa fomu. Ukifika Marekani, tarehe inayohesabika ya kukaa kwako ni ile ya I-94, yaani kumbukumbu ya kuingia kwako, na siyo ile iliyobandikwa kwenye pasipoti. Ichapishe, mpe mwenyeji wako nakala, na mkubaliane mapema nani atapeleka ombi la nyongeza, kwa sababu lazima lifike kabla ya tarehe hiyo.